Jicho la Jirani: Historia Fupi ya Ukaguzi wa Majengo na Mabango Katika Dagoretti



Makala hii yahusu jambo lisiloonekana katika hesabu za fedha za Chama, nalo ni hili: mtu atakapo kujenga nyumba, au kusimamisha bango la biashara kando ya barabara, ni nani mwenye haki ya kuitazama kazi hiyo kabla haijaanza, na kusema kwamba yafaa au haifai? Kwa sisi tukaao Kona ya Dagoretti, Riruta, Kawangware, Ng'ando na Waithaka, swali hili si la wachora ramani peke yao. Jengo bovu humwangukia aliyemo ndani, wala si afisa aliyetia sahihi ofisini. Na bango lililofungwa vibaya humjeruhi mpita njia, si yule aliyelilipia.

Nia yangu ni kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba katika sehemu kubwa ya historia ya Nairobi ukaguzi wa majengo ulikuwako, bali wakaaji hawakuulizwa. Pili, kwamba hivi leo sheria yatupa nafasi ya kuulizwa. Tatu, kwamba nafasi hiyo ni ya siku chache, nayo humpita asiyekuwa macho.

DESTURI YA KABLA YA MJI

Kabla ya kuwako mji, ardhi ya Dagoretti ilikuwa mali ya mbari, yaani jamaa za ukoo mmoja, na kila mbari ilikuwa na muramati aliyeitunza kwa niaba ya wenzake. Mipaka ya mashamba ilitiwa alama kwa mmea uitwao itoka, na kuung'oa kwa siri lilikuwa kosa kubwa. Tena haki ya kulima haikuwa sawa na haki ya kujenga. Muhoi alipewa mahali pa kulima tu. Aliyeruhusiwa kulima na kujenga pia aliitwa muthami. Yaonekana basi kwamba hata wakati ule kujenga kulihitaji idhini, na idhini hiyo ilitolewa mbele ya watu.

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938, aeleza kwamba nyumba ya Mgikuyu ilipaswa kujengwa na kuhamiwa siku ile ile moja. Wanaume walileta miti na kusimamisha nguzo, wanawake wakaleta nyasi za kuezekea. Kazi kama hiyo haiwezi kumalizwa na mtu mmoja na jamaa yake, ilikuwa lazima majirani na watu wa rika waitwe. Kwa sababu hiyo hapakuwa na nyumba ambayo jirani hakuiona ikiinuka tangu nguzo ya kwanza. Nguzo iliyooza ilitambuliwa na aliyeishika, na nyumba iliyoziba njia ya maji ilikatazwa na aliyekaa chini ya mteremko. Huo ndio ukaguzi wa kwanza wa nchi hii, na waliokagua ndio walioishi hapo.

MJI ULIOPIMWA BILA WENYEJI

Mwaka wa 1890 Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki alifika Dagoretti, akapatana kwa kiapo na Waiyaki wa Hinga, akajenga boma. Mapatano hayo hayakudumu. Mwaka uliofuata boma likaachwa, na Kampuni ikajenga jingine Kabete, lililoitwa Fort Smith. Mwaka wa 1892 Waiyaki alikamatwa, akafa Kibwezi akipelekwa pwani. Hivyo jengo la kwanza la kigeni katika Dagoretti lilianza kwa ruhusa ya mwenyeji, na mambo yakaisha kwa mwenyeji kuondolewa.

Reli ilifika Nairobi Mei 1899. Mwaka wa 1900 Serikali ilitoa kanuni za kwanza za mji, na mpaka wa mji ukawa duara: maili moja na nusu kutoka ofisi ya afisa wa Serikali, kila upande. Mji wenyewe ulipangwa kwa faida ya reli, yaani karakana, stesheni na nyumba za wafanyakazi, na watu wengine wakajipenyeza palipobaki. Tauni ilipozuka katika bazaa ya Wahindi mwaka wa 1902, bazaa ikachomwa moto. Mwaka wa 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza afya ya miji, naye akashauri kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mbalimbali. Tangu hapo kanuni za ujenzi zilikuwa na kazi mbili kwa pamoja: kazi ya haki, ambayo ni kuzuia maradhi na moto, na kazi isiyo ya haki, ambayo ni kutenga watu kwa rangi zao.

Waafrika wa mjini waliyaona mambo hayo kwa macho yao. Pumwani ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Halmashauri ya Mji ikapima viwanja, na wenyeji wakajenga nyumba zao wenyewe. Mtaa wa Pangani, uliokuwa na nyumba za watu kwa miaka mingi, ulibomolewa, na kufikia 1939 wengi wa wakaaji wake walikuwa wamehamishiwa Shauri Moyo. Maafisa walikuwa na sababu zao juu ya usafi wa Pangani, bali mwenye nyumba hakuwa na kura juu ya nyumba yake. Mwaka wa 1948 ukachapishwa mpango mkuu wa mji, uliotungwa na Thornton White, Silberman na Anderson. Ni kitabu kikubwa chenye ramani nzuri. Lakini kiliandikwa kwa ajili ya mji mkuu wa koloni, kama jina lake lisemavyo, wala hakikuandikwa kwa kuwauliza watu wa Kaloleni au wa Kariokor. Nairobi ilipopewa heshima ya kuwa jiji Machi 1950, hali ilikuwa bado hiyo hiyo.

Mabango nayo yalikuwa na historia yake. Kijana wa leo huona bango kuwa tangazo la bidhaa tu. Wazee wetu wakumbuka mabango ya namna nyingine: yale yaliyoandikwa juu ya milango ya vyoo na mahoteli, yakieleza ni mtu wa rangi gani awezaye kuingia. Bango la namna hiyo lilikuwa amri iliyopakwa rangi, na aliyepita chini yake hakuwa na mahali pa kupeleka neno la kupinga.

Baada ya Uhuru wa 1963 majina ya barabara yalibadilishwa. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge Street ikaitwa kwa jina la Kimathi, na Victoria Street ikapewa jina la Tom Mboya aliyeuawa mwaka wa 1969. Watu walifurahi, kwa kuwa walijua kwamba mwenye kuandika jina juu ya nguzo ndiye mwenye sauti mahali hapo.

DAGORETTI YAINGIA MJINI

Katika miaka hiyo yote ya ukoloni Dagoretti ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kiambu, nje ya mipaka ya mji. Hatukusalimika kwa hilo. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walikusanywa katika vijiji kwa amri. Nyumba zilipangwa kwa mistari, karibu karibu, ili askari aweze kuwaona watu wote kwa mara moja. Nadhani hakuna mpango wa nyumba uliokaguliwa sana kuliko ule, wala hakuna uliowajali wakaaji wake kidogo kuliko ule.

Wakati huo huo mashamba yaliunganishwa na kupimwa upya, na baadaye wenye ardhi wakapewa hati. Jambo hili ndilo linaloitofautisha Dagoretti na mitaa mingine mingi ya Nairobi. Kule Eastlands nyumba nyingi zilikuwa za Halmashauri, na mkaaji alikuwa mpangaji wa Halmashauri. Huku kwetu, mipaka ya jiji ilipopanuliwa mwaka wa 1963 hata kufika kilomita za mraba zipatazo 690, jiji lilitukuta tukiwa na hati mikononi. Mwenye nyumba alikuwa mwenyeji, na mpangaji wake alikuwa mgeni aliyekuja kutafuta kazi.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mkulima aliyekuwa na ekari mbili aligawa shamba kwa wanawe. Wanawe wakaona kwamba vyumba vya kupangisha vina faida kuliko mahindi. Mbao na mabati vikainuka Kawangware na Riruta, mlango ukitazama mlango, na mtaro wa maji katikati. Mwaka wa 1968 zilitolewa kanuni za ujenzi za kutumiwa na mabaraza ya miji, za daraja mbili: ya kwanza kwa majengo ya kudumu, ya pili ikiruhusu vifaa vya bei nafuu. Lakini kanuni hukaa ndani ya daftari, na vyumba hujengwa siku ya Jumapili. Mwenye ploti alisema, "Hii ni ardhi ya baba yangu." Afisa wa Kanjo alisema, "Huna ramani iliyopitishwa." Katikati ya maneno hayo mawili hapakuwa na jirani aliyeulizwa. Jicho la kale lilikuwa limekwisha fumbwa, na jicho jipya lilikuwa mbali, mjini.

Isifikiriwe kwamba nawalaumu wazee waliojenga vyumba hivyo. Watumishi wengi wa Nairobi hawangepata pa kulala bila nyumba za Dagoretti. Nasema tu kwamba kila mtu alijenga kama aliyekaa peke yake, na sasa twakaa pamoja.

KONA NA BARABARA YAKE

Kona ya Dagoretti ni mahali ambapo Barabara ya Naivasha hukutana na ile ya Ngong. Hapo zipo ofisi kuu za Idara ya Hali ya Hewa. Na kando ya Barabara ya Ngong mafundi wa seremala wamepanga vitanda, makabati na viti kwa miaka mingi. Mwenye duka huandika jina lake ukutani kwa brashi. Kinyozi huchora kichwa cha mtu. Kanisa huelekeza waumini kwa kibao cha mbao. Na kampuni kubwa husimamisha nguzo ndefu ya chuma yenye tangazo kubwa kuliko nyumba.

Barabara ya Ngong ilipopanuliwa katika miaka ya mwisho ya 2010, kwa msaada wa Japani katika sehemu ifikayo Kona, vibanda na mabango yaliyokuwa katika eneo la barabara hayakuwa na budi kuondoka. Wengi walipata hasara. Baadhi yao walikuwa hawajui kwamba pale walipokuwa wamesimama paliwekwa akiba kwa ajili ya barabara tangu zamani. Laiti kungalikuwa na kamati ya mtaa ya kuwaonyesha ramani mapema, hasara ingalikuwa ndogo. Hili ni funzo la kwanza: kukagua mapema si kumzuia mfanyi biashara, bali ni kumlinda asijenge juu ya mali ya mwingine.

MAUTI YA NG'ANDO

Asubuhi ya tarehe 23 Septemba 1919 ingekuwa habari ya kale. Hii ninayoitaja ni ya 2019. Siku hiyo, Jumatatu, madarasa ya shule moja ya msingi hapa Ng'ando yaliporomoka watoto wakiwa ndani. Jengo lilikuwa la mbao na mabati, nalo lilikuwa na orofa ya juu. Watoto wasiopungua saba walikufa, na wengine wengi wakaumia.

Baadaye palikuwa na maneno mengi juu ya chanzo chake. Wengine walitaja ujenzi dhaifu. Wengine wakataja mtaro wa maji machafu uliochimbwa karibu na jengo. Si kazi ya makala hii kuhukumu. Lakini yafaa tuangalie jambo moja. Sababu zote mbili zilikuwa za kuonekana kwa macho. Orofa iliyowekwa juu ya mbao yaonekana na kila apitaye, na mtaro uliochimbwa kando ya ukuta waonekana pia. Haikuhitaji chombo cha mhandisi ili mtu aanze kuuliza. Ilihitaji mahali pa kupeleka swali, na mtu wa kulifuatia mpaka lijibiwe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa Ng'ando tulizika watoto.

YALIYOMO KATIKA SHERIA YA SASA

Katiba ya 2010 yataja ushirikishwaji wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa, nayo imezipa serikali za kaunti kazi ya mipango ya ujenzi na kazi ya kusimamia matangazo ya nje. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya mabango mwaka wa 2018, na bango la nje lapaswa kuwa na kibali. Mwaka wa 2019 Bunge lilipitisha sheria mpya ya mipango na matumizi ya ardhi, iliyochukua mahali pa ile ya 1996. Katika sheria hiyo, mtu anayeomba ruhusa ya ujenzi apaswa kuwajulisha watu wa mahali pale, na watu hao waalikwa kupeleka vipingamizi vyao kwa waziri wa kaunti anayehusika.

Tena, uamuzi ukiisha kutolewa, si mwombaji peke yake awezaye kukata rufani. Kila mtu mwenye kuhusika, akiwamo jirani, aweza kwenda mbele ya kamati ya rufani ya kaunti katika muda wa siku 14, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Zaidi ya hayo, sheria ya 2016 ya kupata habari yampa raia haki ya kuomba habari zilizo katika ofisi ya umma na kujibiwa katika siku 21.

Wanachama waitazame hesabu hii vizuri. Rufani ni siku 14; jibu la barua laweza kuchukua 21. Anayengoja uamuzi utolewe ndipo aombe kuonyeshwa ramani, huenda akaipata siku ya rufani ikiwa imekwisha pita. Hii ndiyo sababu nasema haki hii humpita asiyekuwa macho. Yatupasa kuuliza siku ile ile ilani inapobandikwa kwenye ua la ploti, si siku tingatinga linapoingia.

Jirani zetu wa Karen na Lang'ata waliunda chama chao cha wakaaji mwaka wa 1940, na hata leo chama hicho hufuatilia maombi ya ujenzi katika eneo lao. Ni kweli kwamba wao wana mashamba makubwa na fedha za kulipa mawakili, na kwamba chama hicho kilianzishwa katika siku ambazo Mwafrika hakuweza kumiliki ploti huko. Lakini kazi ya kusoma ilani na kuandika barua haihitaji utajiri. Yahitaji mtu mmoja wa kusoma, mmoja wa kuandika, na wazee wa kutia sahihi. Hao wote Chama chetu kinao.

SHAURI KWA CHAMA

Kwa unyenyekevu naweka mbele ya mkutano mkuu shauri kwamba Chama kichague kamati ndogo ya ramani na mabango. Kamati hiyo isijifanye Kanjo, wala isidai ada kwa mtu yeyote, maana siku itakapopokea shilingi ya kwanza ya mwenye jengo itakuwa imekwisha kufa. Kazi yake iwe kuzitazama ilani zote zinazobandikwa kati ya Kona na Waithaka, kuomba kuonyeshwa ramani, na kuuliza maswali haya:

Kwanza, je, jengo laacha nafasi ya gari la zimamoto na ya watu kukimbia? Pili, maji ya mvua na maji machafu yataelekea wapi, na ni nani akaaye chini? Tatu, je, orofa zinazotakiwa zalingana na msingi, na yuko mhandisi aliyetia jina lake? Nne, kama ni bango, nguzo yake imesimama katika njia ya miguu, au yamficha dereva asione wanaovuka? Tano, je, mpangaji na mwenye kibanda watakaoondolewa wamejulishwa?

Swali hilo la tano nalitilia mkazo. Ukaguzi ukiwa mikononi mwa wenye hati peke yao, utageuka kuwa njia ya kuwafukuza wasio na hati, nasi tutakuwa tumefanya yale waliyofanyiwa watu wa Pangani. Kinyozi mwenye kibao chake kilichochorwa kwa mkono ana haki ya kusikilizwa sawasawa na kampuni yenye nguzo ya chuma. Kwa hiyo kamati iwe na mpangaji, na iwe na fundi wa kando ya barabara, pamoja na wazee wenye mashamba.

Zamani nyumba haikuinuka bila mikono ya majirani. Siku hizi twajenga kwa saruji na chuma, na nyumba haimalizwi kwa siku moja. Lakini siku za kuuliza zimebaki chache kama zilivyokuwa. Kama shauri hili likikubaliwa, kazi ya kwanza ya kamati iwe kwenda Ng'ando, kutazama madarasa yote ya mbao na mabati yenye orofa yaliyobaki katika eneo letu, na kuandika majina yake. Orodha hiyo ipelekwe kwa kaunti kwa barua yenye tarehe, na nakala yake ichapishwe katika taarifa ya mwaka ujao, pamoja na jibu tulilopewa.